Maji Aliyonawa Mama

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa kujisafisha. Majirani wananiita Pilipili. Wateja wananiita Fundi wakiwa mbele yangu, nikigeuka wananiita Pilipili, na mimi najua, na nguo zao nazishona vizuri vile vile.

Mama alikuwa fundi kabla yangu. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili chini ya dirisha, meza ya kukatia, kamba ya nguo zilizokwisha, na pembeni meza ya pasi iliyofungwa blanketi kuukuu. Siku hizi pasi ni ya umeme. Zamani ilikuwa ya mkaa, chuma kizito hasa, ukiinyanyua kutwa nzima jioni unauona mkono kama si wako.

Na nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja ambayo hata mgonjwa hakusamehewa: ukishapiga pasi, hugusi maji mpaka kesho yake. Tuliambiwa viungo vimeshika moto, ukivitia maji ya baridi vinaharibika kwa ndani, baridi inaingia mfupani na haitoki tena. Mafundi wote wa mtaa wetu waliamini hivyo. Kwa hiyo tulijifuta kwa kitambaa kikavu, tukala kwa kijiko, tukalala na harufu ya mkaa vidoleni. Sikatai kwamba sheria ile ilinifaa. Zamu yangu ya kuosha vyombo ilipokaribia, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kujitolea kupiga pasi, na masufuria yakabaki na Kasuku.

Kasuku ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, nami nimempita miaka sita. Jina alipewa na Mama, kwa kuwa alianza kusema kabla hajatembea, na akishaanza hanyamazi. Leo ndiye anayesoma taarifa ya habari ya saa saba mchana redioni. Ikifika saa hiyo Mama ananyoosha kidole kwangu nizime cherehani, na mteja akiwepo naye atanyamaza, apende asipende.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, mwaka ambao Kasuku alikuwa na miaka kumi na sita. Mama alipiga pasi sare tangu asubuhi hadi alasiri, mimi nikatumwa kupeleka mzigo. Kurudi, namkuta Mama uani kwenye kigoda, mikono yote miwili imo ndani ya beseni, macho ameyafumba. Kasuku amechuchumaa mbele yake na jagi, anammiminia maji na kumsugua masizi kwenye kucha. Nilimpokonya lile jagi kwa nguvu mpaka akakaa chini. Mama alisema tu kwamba mikono ilikuwa michafu na mtoto alitaka kumsaidia, kisha akainuka akaingia ndani.

Haikupita miezi mingi, vidole vya Mama vikaanza. Kwanza vilivimba kwenye pingili za mwisho, karibu na kucha, vikawa vyekundu, hataki hata shuka livipitie. Kisha uvimbe ukawa mgumu, vinundu viwili viwili kila kidole, na vidole vyenyewe vikaanza kulala upande. Akashindwa kutunga uzi. Akashindwa kutia vifungo. Siku aliyodondosha mkasi mara tatu kwa nguo moja, walikuwepo mafundi wawili waliokuja kuazima uzi, na mimi mbele yao nikamgeukia mdogo wangu.

"Mikono ya Mama umeiua wewe," nikamwambia.

Mama alikuwa pale pale, anafumua mshono. Hakuinua uso. Hakusema lolote, na mimi nikahesabu kwamba kunyamaza kwake ni kukubali. Kasuku naye, yule ambaye hata usingizini alikuwa anaongea, alitoka nje na hakurudi mpaka giza lilipoingia. Habari ikatembea mtaani siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo, fundi akitaka kumfundisha mwanafunzi wake sheria ya maji, anatoa mfano wa nyumba yetu.

Nimeishi na maneno yale miaka thelathini na miwili na, Mungu anisamehe, miaka mingi kati ya hiyo sikuyajutia. Niliona nimesema kweli, basi. Kasuku alimaliza shule, akaenda zake mjini, akapata kazi ya sauti. Anatutembelea kila baada ya wiki mbili, analeta dawa za Mama, analeta mafuta ya kuchulia. Lakini kuchua huchua mimi. Yeye anakaa mbali kidogo, anasalimia kwa mdomo, na mikono anaificha ndani ya mikono ya sweta, hata siku za joto. Nilidhani ni maringo ya watu wa redioni. Nilimtania mara nyingi kwamba anaogopa kuchafuliwa na vumbi la vitambaa vyetu, naye anacheka kidogo kisha anatazama saa.

Mwaka jana vidole vyangu vikaanza.

Nilivichukia. Nilivitazama pale kwenye meza ya kukatia, kidole cha shahada na cha kati vimevimba kwenye pingili ya mwisho, na nikasema nao kwa sauti kama mwendawazimu. Nimewakosea nini? Miaka thelathini na zaidi sijagusa tone la maji baada ya pasi. Nimekwenda arusini na mikono haijanawa. Nimemfunga mwanangu nepi kwa mikono niliyoifuta tu kwa kitambaa kikavu, na haya si mambo ya kujisifia. Sasa mmeingiwa na baridi kutoka wapi?

Mume wangu alichoka kunisikia nikigombana na vidole, akanipeleka hospitali ya mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ya chini, hana haraka. Alipiga picha ya mikono yangu yote miwili, akaitundika kwenye taa. Akaniuliza kama nimewahi kumla kuku nikaona ile sehemu nyeupe laini mwishoni mwa mfupa. Nikamwambia naiona na naitafuna. Akasema hiyo ndiyo gegedu, na kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa mwenzake. Yangu kwenye vidole imeanza kulika, na mwili unajaribu kuziba kwa kuotesha mfupa pembeni. Ndivyo vile vinundu.

Kisha akauliza: nyumbani kwenu kuna mwingine?

Nikamweleza habari ya Mama. Nikamweleza na jagi, kwa kirefu, maana nilitaka ajue kwamba ya Mama ilikuwa na sababu yake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo nampa heshima yake. Halafu akanambia kwamba maji hayamo. Maji ya baridi, maji ya moto, maji ya mvua, hayamo kabisa. Ugonjwa huu wa vidole unatembea kwenye damu ya familia, hasa kwa wanawake, na hupenda kujitokeza mtu akikaribia miaka hamsini. Si jeni moja iliyoharibika ambayo unaweza kuinyooshea kidole. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu, na wewe umezirithi kwa mama yako kama ulivyorithi pua yake. Kwa vidole, akasema, karibu nusu ya jambo lote ni urithi. Nusu nyingine ni umri, kuumia, uzito wa mwili, na kazi ya mikono nayo ina sehemu yake.

Nilimbishia. Mimi ni mtu wa kubisha. Nikamwambia mimi na Mama wote ni mafundi, basi ni kazi, mambo ya damu atuachie. Akauliza kama nina ndugu wa kike. Nikasema ninaye mmoja, hajapiga pasi tangu aondoke nyumbani, kazi yake ni kusema.

"Mwombe akuonyeshe mikono yake," akasema.

Niliketi pale nikijaribu kuikumbuka mikono ya mdogo wangu, na mikono niliyoikumbuka ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na sita aliyeshika jagi. Baada ya hapo sikuwa nimeiona.

Sikurudi nyumbani. Nilimwambia mume wangu atangulie, mimi nikaenda kwenye jengo la redio. Ilikuwa inakaribia saa saba. Yule anayeshughulika na mitambo alinijua kwa sura, maana nafanana na Kasuku, akaniruhusu nisimame nyuma ya kioo mradi nisikohoe. Mdogo wangu alikuwa ndani, amevaa vile visikizio vya masikioni, karatasi zimepangwa mbele yake. Alikuwa peke yake kwa hiyo hakuwa na wa kumficha. Sauti ilitoka safi, ile ile anayoisubiri Mama. Lakini ukurasa hakuufungua kwa kidole. Alikuwa ameshika penseli kwa ngumi, upande wenye kifutio uko chini, na kwa kile kifutio anasukuma karatasi iondoke. Vidole vilikuwa vya Mama. Vinundu vile vile, kidole cha shahada kimelalia cha kati vile vile. Nilisimama nikaziba mdomo kwa kitambaa changu, si kwa kukohoa.

Alipotoka, mikono ilikuwa imeshaingia ndani ya sweta. Akaniona uso, akaniuliza kama Mama amefariki. Nikamwambia Mama mzima, nipe mkono wako. Hakutoa. Nikauvuta mwenyewe, polepole, maana najua unavyouma, nikakunja mkono wa sweta pale pale kwenye korido watu wakipita.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Huu ni mwaka wa nne."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, Dada?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesoma hali ya hewa. "Nilimharibia Mama mikono, Mungu akanirudishia hivyo hivyo, kiungo kwa kiungo. Nilijua ni malipo. Nilichoomba tu ni Mama asione, asije akanihurumia."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikamvuta kwenye benchi, nikamweleza yote ya daktari. Yeye ni mtu wa habari: akaniuliza daktari gani, amebobea kwenye nini, ana hakika kiasi gani, au ni mambo yangu ya kuongeza chumvi. Nikamwonyesha picha ya mikono yangu. Akaiinua kwenye mwanga akaitazama. Kisha akasema kwamba mimi naweza kuamini, na yeye anaweza kuamini, lakini Mama alikuwepo siku ile akanyamaza. Kwa Mama yeye bado ndiye mwenye jagi.

Hapo nikajua nataka nini. Nilitaka neno nililolisema mbele ya Mama lifutwe mbele ya Mama, angali hai na akili zake timamu. Ana miaka sabini na tisa. Nikamshika Kasuku mkono, tukaondoka.

Tulimkuta Mama dukani kwenye kiti chake, anachambua vifungo kwa rangi kwenye sahani, kazi aliyojipa baada ya sindano kumshinda. Alifurahi kutuona wawili, siku ambayo si ya kutembelewa. Nikafunga mlango nikageuza kibao. Nikaanza kueleza kwa mpangilio, gegedu, urithi, jeni, na nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia kwa mfano wa kuku. Sikufika mbali. Mama aliweka kifungo alichokishika.

"Najua," akasema. "Bibi yenu alikuwa navyo."

Nikadhani hakunielewa. Bibi alifariki sijazaliwa, hatuna hata picha yake. Mama akasema mama yake alikuwa na vinundu hivyo vidole vyote kumi, na shangazi zake wawili upande wa mama, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika pasi. Bibi nguo zake alizikunja akaziweka chini ya godoro akazilalia, asubuhi zimenyooka. Mama alipoona kidole cha kwanza kimevimba, alikijua kabla hakijaanza kuuma.

Nilipandisha. Mbele ya mama yangu mzee, nilipandisha hasira. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini siku ile aliinamia mshono? Kwa nini alimwacha mtoto abebe? Kasuku akanambia nikae, na nikakaa.

Mama alisema nisahau mambo ya leo, nikumbuke mwaka ule. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu wa mume wangu walikuwa wameshaleta posa, na walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba mtaani wakiuliza: kuna ugonjwa gani kwa wale? Kuna wazimu, kuna kifafa, kuna kilema? Wale mafundi wawili waliokuja kuazima uzi, mmoja alikuwa jamaa ya mama mkwe wangu. Kama Mama angefungua mdomo aseme ugonjwa huu ni wetu, binti zangu wataupata, ile posa ingerudi ilikotoka. Maji yalikuwa ajali. Ajali haiharibu posa.

"Nikasema nitamwambia mdogo wako ukishaolewa," akasema. "Ukaolewa. Nikasema nitamwambia naye akishaolewa. Akaolewa. Halafu ikawa miaka imekuwa mingi, nikaona aibu. Ni aibu tu, wanangu. Hakuna kingine."

Kwa hiyo ndoa yangu, ambayo nimeifaidi, ambayo imenipa mume mpole na watoto, ililindwa kwa mgongo wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemtwisha mzigo kisha nikamtania kwa kuinama. Nilimtazama Kasuku. Nilingoja alie, au atukane, na ningempa haki yake. Yeye alikuwa anamtazama Mama.

"Mama," akasema. "Yale maji yalikuwa ya baridi?"

Mama hakuelewa swali. Mimi pia sikuelewa. Kasuku akavuta pumzi kama anavyovuta kabla ya habari. Akaeleza kwamba siku ile yeye alikuwa anaijua sheria kama sisi wote. Asingeweza kumtia Mama maji ya baridi. Alibandika sufuria jikoni, akayapasha, akayachanganya. Alikumbuka kuyapasha. Lakini nilivyosema, nilisema kwa uhakika mno, na Mama akanyamaza, na hakuna mtu aliyemuuliza yalikuwa maji gani. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na hakika nusu. Miaka kumi baadaye alikuwa anaota anachota mtungini, maji ya baridi, anammiminia Mama huku anajua. Sasa hajui tena kama aliyapasha kweli au alijitungia ili apate usingizi. Aliyeyasikia yale maji mwilini ni mmoja tu.

Mama aliinuka. Kuinuka kwake ni kazi, magoti nayo si mazima, lakini aliinuka akazunguka meza ya kukatia akakaa kwenye benchi pembeni ya mwanawe.

"Yalikuwa ya uvuguvugu," akasema. "Uliyajaribu kwanza kwa kiwiko, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Ndiyo maana nilifumba macho. Nilisikia raha, mwanangu. Tangu baba yenu afe hakuna mtu aliyekuwa amenishika."

Hapo ndipo Kasuku alipolia, kwa sauti, bila kuificha, kilio cha msichana. Mama akamtoa mikono kutoka ndani ya sweta, mmoja kisha mwingine, akaiweka kwenye mapaja yake. Akaanza na kidole gumba. Alikipapasa kinundu kwa vidole vyake vilivyopinda, akauliza hiki kinauma, Kasuku akajibu kinauma. Na hiki? Asubuhi tu. Na hiki? Hiki kimeshakufa ganzi, Mama. Cha bibi yenu kilikuwa hivyo hivyo, akasema Mama, upande huu huu. Walikwenda hivyo kidole kwa kidole, bila haraka, na nje mteja aligonga mlango akachoka akaondoka.

Mimi nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikaangalia. Nilitaka kuomba msamaha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu maneno yalikuwa hayatoshi. Nikasema tu, nisamehe, mdogo wangu. Nikasema hata sikukuuliza.

Kasuku hakugeuka. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, Dada," akasema.

Nikasema ndiyo. Nilijua msamaha si kitu ambacho mtu anadai. Walimaliza vidole vyote kumi. Mikono yangu hakuna aliyeiulizia, na niliona ni haki, nikainama nikaanza kuokota vifungo vilivyomwagika Mama alipopita.

Nikiwa bado nimeinama pale chini, niliona miguu ya mdogo wangu imesimama mbele yangu. Alikuwa amenyoosha mkono wake, uko wazi, vidole vimepinda.

"Na yako," akasema. "Nionyeshe."

Nikampa.